Alilia Hapa

Msimamizi wangu Yeshiwas, tunayemwita Gashe kwa heshima, aliponirudishia sura ya tatu ya tasnifu yangu, hakukuwa na wino mwekundu popote ila kwenye namba moja. Mimi nikafurahi. Sura ya kwanza aliirudisha mara nne, ya pili mara tatu, na mada yenyewe aliitupa mara mbili kabla hajaikubali, akisema ni pana kama shuka la harusi, nikate kipande kimoja nishone. Sasa doa jekundu moja tu. Nikajiona mtafiti.

"Aynalem," alisema, "kaa."

Msimamizi ambaye mwaka mzima anakusikiliza ukiwa umesimama mlangoni akikuambia ukae, ujue mambo si mazuri. Nikakaa. Ukungu wa mji wetu wa Dessie ulikuwa umeshika kioo cha dirisha lake hata saa ile ya mchana, mlima wa Tossa hauonekani.

"Hapa umeandika wewe na msomaji wako wa pili mmekubaliana kwa asilimia tisini na saba."

"Ndiyo, Gashe."

"Mimi na mke wangu tuna miaka ishirini na sita ya ndoa. Hatujawahi kukubaliana asilimia tisini na saba hata kuhusu mchuzi wa shiro, kama umeiva au la."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nilikuwa nachunguza kipindi cha redio ya mji wetu kiitwacho Bahasha, kile kinachosoma barua za wasikilizaji kila Jumapili asubuhi. Barua sitini, karibu zote za akina mama. Gashe Yeshiwas ndiye aliyenifundisha namna ya kuzisoma kitafiti. Kila barua unaijazia karatasi yake: nani anaandika, analalamikia nini, anaomba nini, mwisho wake ukoje. Kisha mtu mwingine, asiyehusika na wewe wala na barua, anazisoma zile zile peke yake na kujaza karatasi zake. Mnalinganisha. Mkikubaliana bila kuambizana, basi ni barua inayosema, siyo moyo wako.

"Msomaji wako wa pili ni nani?"

"Ni rafiki, Gashe. Mtu msomi."

"Ana jina?"

Alikuwa nalo. Jina lake lilikuwa Surafel, na ndiye aliyekuwa akizisoma barua zile redioni kwa ile sauti inayofanya akina mama wa Dessie nzima waache sufuria ziungue. Ndiye aliyenipa barua. Ndiye niliyempenda, na Jumapili iliyokuwa inakuja alikuwa anawaleta wazee nyumbani kuniposa. Yote hayo niliyajua nilipoandika katika sura ya tatu, kwa mkono wangu mwenyewe, "msomaji wa pili asiyehusika." Kila mwanafunzi wa darasa letu alimtumia mchumba au dada, na kila mmoja aliandika hivyo hivyo.

Gashe Yeshiwas hakungoja jibu. Alifungua kurasa za nyuma.

"Barua ya arobaini na moja. Mama wa Kombolcha, mumewe alikwenda Djibouti kutafuta kazi asirudi. Nakala yako ina ukurasa mmoja. Inakatikia hapa: 'Jioni ile mlango ukagongwa.' Basi. Wewe umejaza, 'Mwisho haujulikani.' Vizuri sana. Rafiki yako amejaza, 'Mume anarudi, anasamehewa.' Amejuaje?"

"Labda aliisikia redioni, Gashe. Fotokopi ilikula ukurasa wa pili, sikugundua."

"Labda. Basi hakusoma karatasi, alisoma kumbukumbu zake. Na kama alifanya hivyo kwa moja, nitajuaje hakufanya kwa zote?" Akanisukumia majalada. "Katafute ukurasa wa pili. Kisha uandike huyo rafiki ni nani. Ijumaa sura hii iwe mezani kwangu, la sivyo utarudi mwakani. Na andika ulichokikuta, mwanangu. Usiandike ulichokitamani."

Nilitoka pale nikimtetea Surafel kichwani. Mtu akisoma barua mia kwa mwaka, atasahauje mwisho wake? Kosa dogo. Nitachukua ukurasa, nitajaza upya, nitatafuta msomaji mwingine, yamekwisha. Nilikuwa hata nimeanza kufikiria nitavaa nini Jumapili.

Wacha niseme nilivyompenda, maana bila hilo mengine hayana maana.

Ilikuwa Meskel, sikukuu ya Msalaba, mwaka uliopita. Moto wa uwanjani ulikuwa umebaki majivu, watu wanachovya vidole na kuchorana misalaba kwenye paji la uso. Nilikuwa nimemfahamu kwa wiki mbili tu, na nilikuwa nimeshamchoka, maana wanaume wa redio wana maneno mengi. Nilikwishajifunga shali niende nyumbani. Ndipo akaanza kunisimulia habari za baba yake, taratibu, bila kunitazama. Kwamba alikwenda Djibouti, kama wanaume wengi wa kwetu, Surafel akiwa na miaka sita, akakaa miaka tisa bila barua wala salamu. Kwamba jioni moja aligonga mlango, akaingia, akakaa mbele ya sinia akala bila kunawa mikono, kama mtu aliyetoka nje dakika mbili. Alipomaliza akauliza, "Viatu vyangu viko wapi?" Na mama akaenda akavileta. Miaka tisa alikuwa akivipaka mafuta kila Jumamosi. Wiki ile ile baba akafa.

Nililia hapo kwenye viatu. Nililia mpaka majivu ya paji la uso yakanishuka mashavuni, naye akayafuta kwa kidole gumba. Tangu siku ile sikuwa na moyo wangu tena.

Mama yangu hakumtaka. "Kijana anayekula kwa mdomo wake," alisema. "Nimeuliza majina ya babu zake saba, anavyoulizwa kila mchumba, ametaja wawili. Na huyo baba aliyekufa, chama gani cha mazishi kilimzika? Mkoa wetu mzima huu wa Wollo hafi mtu bila chama kupika." Mimi nilimwona Mama katili. Kila mwezi, tarehe ya Mtakatifu Mikaeli, nilikuwa nakwenda kanisani kumwashia baba wa Surafel mshumaa, na baada ya miezi minane ya kununa mezani, Mama na Baba wakakubali. Waje hao wazee, walisema, tuwasikilize.

Pale redioni karani ananijua. Surafel alikuwa hewani, karani akanipa faili mwenyewe, nikakaa kwenye benchi la ukumbini nikapekua. Barua ya arobaini na moja ilikuwa mahali pake, kurasa mbili safi, mwandiko wa kike wa kulala. Nikaufungua ukurasa wa pili.

Mume aligonga, akaingia, akakaa mbele ya sinia akala bila kunawa mikono. Akauliza, "Viatu vyangu viko wapi?"

Nilisoma mara tatu. Kisha nikaona kwamba nyuma ya kurasa zile mbili kulikuwa na nyingine, imebanwa kwa pini, ya mwandiko ninaoujua kwa sababu nina barua zake kumi na nne chini ya godoro langu. Ilikuwa rasimu. "Miaka mitano" imekatwa, "kumi na moja" imekatwa, "tisa" imepigiwa mstari. "Alikula amesimama" imekatwa. "Alikula bila kunawa" imeachwa. Na pembeni, kwenye sentensi ya viatu, maneno mawili madogo ya penseli baada ya herufi ya jina langu:

A. alilia hapa.

Tazama tarehe, nikajiambia, kama nilivyofundishwa. Barua ilisomwa hewani wiki tatu baada ya Meskel.

Taa nyekundu ya mlangoni ilipozimika niliingia chumba cha kurekodia nikafunga mlango nyuma yangu. Kuta za chumba kile zimebandikwa magunia na magodoro. Ukipiga kelele humo, hata aliye ukumbini hakusikii.

"Roho yangu!" Surafel alivua vile vya masikioni. "Umekuja kunitoa chakula cha mchana? Leo ni siku ya mfungo, lakini najua mahali shiro yao..."

Niliweka karatasi juu ya meza. Akaitazama. Alianza kutabasamu, akaacha katikati.

"Umeitoa wapi?"

"Kwenye faili."

"Ayni, hiyo ni rasimu tu."

"Ya mama wa Kombolcha. Yupo huyo mama?"

Akaigeuza karatasi uso chini.

"Surafel, nakuuliza. Yupo?"

"Wapo akina mama kama yeye mia."

"Sikuuliza mia. Barua ngapi umeandika wewe?"

"Unajua barua za kweli zinavyokuja?" Alisimama, akaanza kupunga mikono. "'Jirani amesogeza uzio wangu.' 'Naomba mnisalimie shemeji yangu wa Haik.' 'Kuku wangu wanakufa, muulizeni daktari.' Mkuu wa redio anataka watu walie Jumapili. Nani atalia kwa ajili ya kuku?"

"Mwenye kuku."

"Acha mzaha."

"Ngapi?"

"Ishirini. Labda ishirini na mbili. Mwandiko ni wa binamu yangu."

Kati ya sitini. Tasnifu yangu ilikuwa inahusu sauti za akina mama wa Wollo. Miezi minane nimekaa nahesabu machozi ya wanawake, na theluthi yake ilikuwa na ndevu.

"Na ukanikubalia niwe nazisoma," nikasema. "Ukakaa na mimi kwenye meza ile ile, unajaza karatasi, unatia alama. 'Huyu mama ana uchungu.' 'Huyu amekata tamaa.' Ulikuwa unajisahihisha mwenyewe!"

"Nilitaka kukusaidia umalize."

"Na baba yako?"

"Aynalem."

"Baba yako, Surafel. Alikwenda Djibouti?"

Akatazama magunia ukutani.

"Apa," nikamwambia. "Sema, 'Mama yangu afe kama naongopa, baba yangu alikwenda Djibouti.' Sema tu, nitaondoka, sitauliza tena."

Kwetu mtu huapa kwa kifo cha ampendaye kama anavyopiga chafya. Surafel alikuwa ameapa kwa kifo changu mara ngapi? Aynalem afe kama nimechelewa makusudi. Aynalem afe kama nimemtazama yule msichana. Nilikuwa nikicheka, nikimpiga begani. Sasa aliikunja kamba ya vile vya masikioni.

"Mama yangu usimtie humu," alisema.

"Kumbe kuna mtu usiyemtia humu. Mimi ndiye ulikuwa unaniua kila siku kwa raha zako."

"Siyo hivyo."

"Baba yako yuko wapi?"

"Yuko Woldia." Sauti yake ilikuwa ndogo, siyo ya redio. "Ni fundi cherehani. Hajawahi kulala nje ya nyumba yake hata usiku mmoja."

Nikashika kiti. "Nimemwashia mshumaa kila mwezi."

"Haujamdhuru."

Ningempiga kofi. Nilinyanyua mkono kabisa, naye hakukwepa, akanitazama kwa yale macho yake mazuri yaliyojaa maji, na mkono ukashuka wenyewe. Ndivyo nilivyokuwa mjinga wa kumpenda.

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unaondoka. Siku ile ya Meskel ulishafunga shali, Ayni. Sikuwa na kitu cha kukushika. Nikaanza kusema tu, sijui hata yalitoka wapi, nikaona umekaa. Nikaendelea. Kisha ukalia. Hakuna mtu aliyewahi kulia kwa ajili yangu maishani. Ningekuambia nini? Kwamba baba yangu anashona mifuko ya suruali na kulalamika mgongo?"

"Ningempenda huyo mzee wa mgongo."

"Hungekaa."

"Hukunipa nafasi ya kukaa! Umenikalisha kwa mtu ambaye hayupo. Na baada ya hapo ukaenda ukaandika pembeni kwa penseli."

"Nilitaka kukumbuka."

"Kunikumbuka mimi nilivyolia, au kukumbuka mahali panapoliza?"

Angeweza kudanganya. Alikuwa bingwa. Lakini nadhani alichoka, au alinihurumia, ndiyo maana akajibu kweli, na kweli yenyewe ndiyo iliyonimaliza.

"Mahali," alisema.

Huwezi kujua ukimya ulivyo mpaka ukae kwenye chumba kile chenye magodoro ukutani, unasikia damu yako masikioni na pumzi ya mtu unayempenda, na hakuna kingine.

Yeye ndiye aliyeanza kusema. Alinishika mikono yote miwili. "Sikiliza, roho yangu. Toa hiyo barua moja, zibaki hamsini na tisa. Msomaji wa pili mtaje mtu yeyote, mtaje binamu yangu. Nani atajua? Ukiandika ulichokiona, Jumatatu nitafukuzwa. Na mwalimu wako atakurudisha mwaka mzima kwa kumficha habari zangu. Mimi sina kazi, wewe huna shahada, hao wazee Jumapili watakuja kuomba nini?"

"Umepanga vizuri."

"Nakupenda. Hilo sikuliandikia rasimu."

Alilisema kwa ile sauti. Ile ile ya Jumapili, nzito, inayokwenda chini mwishoni mwa sentensi. Pengine ilikuwa kweli. Pengine hajui kusema kweli kwa sauti nyingine. Nilimtazama muda mrefu, nikitafuta usoni mwake kitu cha kuandika kwenye karatasi yangu, nikakosa. Nikatoa mikono yangu kwenye mikono yake, kidole kimoja kimoja.

"Jumapili wazee watakuja," alisema nikiwa mlangoni. "Siwazuii. Nitajua umenisamehe ukiwapokea."

Siku mbili nilikaa maktaba. Mwenzangu mmoja wa darasa alisoma barua upya, na safari hii tulikubaliana asilimia sabini na nne, tukabishana hadi mtunza maktaba akatutoa nje. Zile ishirini na mbili, nilizozitambua sasa kwa mwandiko wa binamu, nilizitenga. Katika sura ya tatu nikaandika kwamba msomaji wa pili wa awali alikuwa mchumba wa mtafiti, tena ndiye mwandishi wa sehemu ya barua, na kwamba mtafiti alilificha la kwanza na hakulijua la pili. Nilipoandika neno "mchumba" kalamu ilikataa, nikaliandika mara mbili.

Gashe Yeshiwas alisoma Ijumaa, mimi nimesimama mlangoni. Alisoma hadi mwisho, akavua miwani.

"Sasa hii ni kazi," alisema. "Alama nitakupunguzia kwa kunidanganya."

"Ndiyo, Gashe."

"Na wewe mwenyewe, mwanangu, u mzima?"

Nikasema ni mzima. Nikashuka ngazi nikalia chooni.

Nyumbani sikusema kitu. Nilishindwa. Mama, yule yule aliyekuwa akiuliza babu saba, alikuwa ameosha vikombe vidogo vya kahawa na kutandaza majani mabichi sakafuni, anaimba. Baba alinyoa ndevu. Kila nilipofungua mdomo nilijiuliza nitawaambia nini: kwamba mlikuwa sahihi, nami nilinuna miezi minane kwa ajili ya viatu vya mtu asiyekuwepo?

Wazee walifika baada ya ibada, watatu, wamejitanda mashuka meupe. Aliyewaongoza ni Mzee Mekuria, mwenye nyumba anapopanga Surafel, mtu wa heshima zake. Baba akawakaribisha viti, wakakataa, kama inavyotakiwa. Wanaokuja kuposa hawakai mpaka wasikilizwe.

"Kaeni, jamani, ni nyumbani."

"Hatukai," alisema Mzee Mekuria. "Miguu yetu ni mizee lakini itasimama. Tumekuja kwa ajili ya kijana wetu Surafel. Hana baba; baba yake alimrudia baada ya miaka tisa, akamwona kwa wiki moja, akafa. Mimi leo nimesimama mahali pa marehemu. Ninachoomba kwako, naomba kama baba yake."

Alisema kwa moyo mweupe kabisa. Sauti ilimtetemeka mzee wa watu. Nilimtazama Mama pale kwenye jiko la kahawa, nikaona anapangusa macho kwa ncha ya shali yake. Mama yangu! Hadithi ilikuwa imempata na yeye.

Desturi ni kwamba baba hujibu siku nyingine, na msichana haulizwi mbele ya watu. Lakini Baba alinipenda kuliko desturi. Akageuka.

"Aynalem, mwanangu, wazee wamesimama. Niwaambie wakae?"

Ningesema ndiyo. Nataka mjue hivyo. Neno lilikuwa ulimini, tayari, tamu. Nilimwona Surafel kwenye chumba chake anangoja habari, anatembea huku na huku, na mwili wangu wote ukamtaka. Ningesema ndiyo, ningekuwa mkewe, na miaka yote ya ndoa yetu kila nitakapolia ningemtazama mkononi kama ameshika penseli.

"Wasikae bado, Baba," nikasema.

Mzee Mekuria akanigeukia, si kwa hasira. "Kijana ana kosa gani, binti? Tukamwambie nini?"

"Mwambieni sina kinyongo na kazi yake wala umaskini wake. Mwambieni nitamkubali." Nikapumua. "Aje na baba yake."

Wazee wakatazamana.

"Binti, baba yake ni marehemu."

"Yuko Woldia, Baba Mekuria. Ni fundi cherehani, anaumwa mgongo. Hajawahi kwenda Djibouti."

Kahawa ya Mama ilifurika ikazima makaa, na hakuna aliyeinuka kuitoa. Mzee Mekuria alishusha shuka lake begani, akalipandisha tena, kama mtu aliyeambiwa amevaa nguo ya mwenzake. Aliinama mbele ya Baba, akaomba radhi kwa jambo ambalo hakulitenda, akatoka na wenzake.

Kutoka Woldia hadi kwetu ni safari ya asubuhi moja. Jumapili iliyofuata niliosha vile vikombe mwenyewe, Mama akiniangalia, nikatandaza majani, nikakaa karibu na mlango. Nilikuwa tayari kumvua yule mzee viatu na kumwosha miguu, kumwita baba, kumsikiliza akilalamika mgongo hadi jioni. Nikafanya hivyo na Jumapili ya baada yake.

Surafel hakuja na baba yake. Hakuja kabisa.